Mgomba Uliobebwa Mgongoni

Jambo lote lilinigharimu debe moja na nusu la maharage, jogoo mmoja na kanga mpya. Nimehesabu mara mbili. Mara ya pili nilitaka kuongeza zile siku ambazo mama mkwe hakunisemesha, lakini hizo nikaziacha nje, maana zilikuwa na faida yake.

Lilianza kama mchezo wa watoto, tena mchezo wa bure. Tangu hapo kitu cha bure nakigeuza mara mbili kabla sijakipokea.

Tulikuwa tumehamishiwa kijiji cha Ujamaa, huku huku Kirushya. Nyumba zilipangwa mstari kama wanafunzi wanaosubiri kukaguliwa kucha, na miti yote iliyokuwapo pale ilikuwa imekwisha kuwa nguzo za nyumba hizo hizo. Ardhi ilibaki nyekundu na tupu. Jua likiwaka, vumbi. Mvua ikinyesha, tope linaingia ndani bila kupiga hodi. Migomba yetu ilibaki kule tulikotoka, ng'ambo ya bonde, na tulipotaka ndizi tulizifuata huko kama watu wanaokwenda kuiba kwao wenyewe.

Mimi nilikuwa nafanya biashara ya maharage. Nilinunua kwa wakulima, nikapeleka mnadani, mara nyingine hadi Nemba upande wa Biharamulo, nikarudi na chumvi na dagaa. Mume wangu alilima. Watoto walikuwa watatu, wavulana wawili na binti wa mwisho ambaye shule alikuwa hajaianza. Kule migombani walikuwa wakichana majani makavu wakafunga mpira, au wanakalia gome bichi la mgomba na kuteleza nalo mteremko mzima hadi kaptula itoboke. Kijijini palikuwa na mstari na vumbi. Kwa hiyo walinichezea mimi. Walipanda juu ya maharage yangu, wakachanganya mekundu na ya njano niliyokwisha kuyachambua.

Siku moja nikawaambia, "Nendeni shamba la zamani, kila mtu alete chipukizi lake alipande hapa. Mgomba utakaozaa kwanza, mwenyewe atakula ukoko wa sufuria peke yake."

"Mpaka lini?" akauliza binti. Yule alizaliwa akiuliza bei.

"Mpaka msimu uishe."

"Msimu gani?"

"Wa mvua."

"Vuli au masika?"

"Vyote viwili."

Akakubali. Kaka zake walikuwa wamekwisha kukimbia.

Wavulana walichukua machipukizi popote. Binti, baba yake alimwongoza moja kwa moja hadi kwenye mgomba mmoja uliokuwa karibu na nyumba yetu ya zamani. Kwa desturi ya ukoo wao, kitovu cha mtoto kikikatika hufukiwa kwenye shina la mgomba, na mgomba ule unakuwa wake. Vitovu vya wavulana vilibaki Mbuba kwa bibi yao, walikozaliwa. Cha binti kilikuwa pale. Mume wangu akachimba chipukizi lililotoka kwenye shina lile lile, akalitikisa udongo.

"Huyu ni mtoto wa mgomba wako."

"Sasa mimi ni nani wake?"

Mume wangu akafikiri kidogo. "Sijui. Mbebe."

Akaniomba kanga mpya iliyokuwa mabegani mwangu, nami nikaitoa bila kufikiri, jambo ambalo si kawaida yangu. Utomvu wa mgomba ukiingia kwenye nguo hautoki. Hautoki hata kwa sabuni, na sabuni yenyewe siku hizo tulikuwa tunaisikia kwa wenzetu. Mtoto akafungwa chipukizi mgongoni, akavuka bonde akilibembeleza, majani mawili yakichungulia juu ya kichwa chake. Wanawake waliotoka kisimani wakasimama.

"Mwanao amelala, mama?"

"Amelala. Amechoka na njaa."

"Na baba yake yuko wapi?"

"Hana baba. Ana babu tu, yule pale na jembe."

Tukaweka masharti ya mchezo. Mgomba hauli kitu kilichonunuliwa. Unakula tunachokiacha, yaani maganda, majivu yaliyopoa, makapi ya maharage, samadi ya mbuzi, majani makavu. Unakunywa maji yaliyokwisha kufanya kazi, ya kunawia au ya kuoshea vyombo. Maji mapya ni marufuku, maana kisima kilikuwa mbali na kichwa cha kuyabeba kilikuwa changu.

Hapo ndipo nilipoanza kupata faida. Watoto ambao zamani niliwakimbiza na kata ya maji uwanja mzima sasa walipanga foleni ya kuoga, kila mmoja amesimama penye shina la mgomba wake ili tone lisiende kwa jirani. Binti alitaka kuoga mara tatu kwa siku. Mvua ilipokuja walipasua magome ya mgomba wakayaunganisha yakawa mfereji kutoka ukingo wa paa hadi shinani, kisha wakagombania maji ya paa kama wazee kwenye mahakama ya mwanzo. Jioni walipima urefu kwa tete. Mkubwa alisimama juu ya kidole kimoja ili wa kwake uonekane mrefu, akasahau kwamba anayepimwa si yeye.

Hasara ilianza takataka zilipotuishia. Mke wa balozi wetu wa nyumba kumi alikuja mlangoni mikono kiunoni.

"Mama, wanao wameiba jalala langu."

"Wameiba nini ndani yake?"

"Jalala lenyewe! Limebaki shimo."

"Ulikuwa umeliwekea nini?"

"Sikuliwekea kitu. Lakini lilikuwa langu."

Ukweli ni kwamba alikuwa na haki, na mtu mwenye haki ni mgumu kupatana naye. Tukafikia hapa: watoto wangu watafagia uwanja wake kila asubuhi, na watakachokifagia ni chao. Haukupita muda mrefu wakaja wakubwa kukagua usafi wa kijiji. Uwanja wa balozi ukasifiwa mbele ya mkutano, balozi akapokea sifa kwa mikono miwili, wala hakumtaja mtu.

Mgomba wa mtoto mkubwa uliliwa na mbuzi wale wale waliokuwa wakiulisha. Wa pili ulionekana mapema kuwa ni wa ndizi za pombe. Baba yake akafurahi, mwenyewe akanuna. Wa binti, kwa kuogeshwa kule, ulitoa mkungu kabla ya mwingine wowote katika mstari wetu wa nyumba. Watu walipita kuutazama. Ukoko ukawa wake, na aliutafuna polepole mbele ya kaka zake.

Mkungu ulikuwa ndio kwanza umeinama vita vilipokuja. Tulivisikia kwenye redio ya balozi, kisha tukaviona, maana mume wangu alikuwa katika mgambo na wakaitwa. Asubuhi ya kuondoka aliuzunguka mgomba, akamwambia binti, "Ukikomaa, mwite bibi yako."

Alisema hivyo kwa sababu desturi ina nusu ya pili. Mkungu wa kwanza wa mgomba wa kitovu, au wa chipukizi lake likihamishwa, hupikwa nyumbani na kuliwa na watu wa upande wa baba, bibi akianza. Ukiliwa na wa nje, mtoto huyo atakuwa wa watu, kila atakachopata maishani kitakwenda kwa wengine. Mimi si wa ukoo ule, lakini nafanya biashara. Mtoto wa namna hiyo nilijua atanitia hasara. Mkungu ulipokomaa, mama mkwe akatumiwa habari Mbuba, naye akajibu kwamba atakuja Jumapili baada ya misa.

Alhamisi balozi akapita nyumba kwa nyumba. Kila nyumba itoe mkungu mmoja kwa ajili ya askari, na gari litakuja Jumamosi. Shamba letu la zamani ngedere walikuwa wamekwisha kujigawia. Mkungu uliokomaa ulikuwa mmoja tu.

Siku za kawaida nilimwita Ndugu Balozi. Siku ile nikamwita shemeji, naye akajua kuna jambo.

"Shemeji, mkungu ule una mwenyewe."

"Nchi nayo ina wenyewe, shemeji."

"Nitakupa nusu debe la maharage."

"Tangazo limesema ndizi."

"Askari hawali maharage?"

"Wanakula. Lakini nyumba kumi ni mikungu kumi. Nikipeleka tisa nitaeleza nini?"

"Eleza kwamba maharage hayaozi njiani. Debe moja."

Akaangalia mawingu kana kwamba bei imeandikwa huko. "Debe na nusu, na mkungu wa kumi nitautoa kwangu."

"Debe na robo."

"Shemeji, hapa kuna vita."

"Ningekuwa nimesahau, ningerudi kwenye nusu."

Tulimalizia debe na nusu. Nilishindwa kwa robo kwa sababu nilikuwa na haraka, na mwenye haraka sokoni hulipia miguu yake.

Jumamosi gari likafika, likasimama barabarani huku linanguruma. Nikaingia ndani kupima maharage, nikayapima tena, nikajitwisha, nikampelekea balozi pale penye gari. Akayamimina kwenye gunia. Nikarudi nyumbani nimeridhika, nikakuta mgomba umelala chini. Utomvu ulikuwa bado unadondoka, na mkungu haupo.

Nilichojua baadaye kutoka kwa mmoja wa wavulana ni kwamba vijana wa gari walikuwa wakipita nyumba za upande wa pili kukusanya, na binti akawauliza, "Mnakwenda aliko baba?"

"Tunakwenda huko huko," mmoja akamjibu, kama mtu mzima anavyomjibu mtoto.

Akawaonyesha mkungu. Wakaukata, wakamshukuru, wakaenda.

Binti alikuwa amesimama kando ya shina, mikono nyuma.

"Umewapa watu mkungu wako?"

"Sikuwapa watu. Nimemtumia baba."

"Na bibi je?"

"Bibi ana ndizi kwake. Baba hana."

Nikarudi barabarani mbio. Gari lilikuwa limeacha vumbi tu.

"Shemeji, nirudishie maharage yangu."

"Yamo garini."

"Na mkungu umo garini."

"Basi nyumba yako imechangia mara mbili. Nitaisema mkutanoni."

Akaisema kweli, na nikapigiwa makofi. Makofi hayapimwi kwa debe.

Jumapili mama mkwe akafika kwa miguu kutoka Mbuba, na kisu chake cha kumenyea ndani ya kikapu. "Shikamoo mama," nikasema. "Marahaba. Mkungu uko wapi?" Nikamchinjia jogoo. Akala paja akiwa ameligeuzia uso lile shina lililokatwa, kisha akamwita mjukuu wake, akamsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza.

"Kama baba yake ameula," akaniambia, "ni sawa. Umeliwa na mtu wa kwetu, na zamu yangu nimemwachia. Kama umeliwa na wengine, mtoto huyu mmemtoa kwa watu."

"Tutajua akirudi, mama."

Yeye hakusema "akirudi". Neno hilo nilitamka mimi. Akaosha mikono, akamwaga maji uwanjani, mahali pasipo na mgomba, na hakunisemesha tena hadi alipoondoka.

Mchezo nao ukasimama. Shina lilitoa machipukizi mawili mazuri, lakini binti hakuyapelekea hata ganda. Kaka zake walimtania: "Mama amewatupa watoto." Akajibu kwamba hawezi kulisha wadogo kabla hajajua wa kwanza aliishia wapi. Kuoga akarudi kukimbizwa na kata. Kila gari lililopita kutoka kaskazini alitoka hadi ukingo wa barabara akauliza kama limebeba baba yake na kama baba yake amekula. Madereva walipunga mkono.

Vita vilipokwisha watu walirudi mmoja mmoja. Nilipopata habari kwamba mume wangu ameonekana kituoni Ngara, nilikwenda njia panda kumngoja. Alishuka amekonda, amevaa koti lisilo lake. Tukasalimiana kama watu wazima wanavyosalimiana mbele ya watu, tukashika njia. Nikamweleza mambo yote tangu mwanzo, maana si vizuri mtu kuingia kwake bila kujua bei zimefika wapi. Alicheka sana kwenye debe na nusu. Nilipofika kwenye maneno ya mama yake akaacha kucheka.

"Ndizi tulikula," akasema. "Za mashamba ya watu waliokimbia, huko karibu na mto. Lakini zile za kwenye magari zilitufikia zimeiva na kupondeka. Wakapewa majeruhi. Mimi sikuonja hata moja."

"Una hakika?"

"Nilikuwa mmoja wa walioshusha."

Akahamishia begi lake bega la pili.

"Mama yuko?" akauliza.

"Yuko tangu juzi."

"Nikisema nilikula?"

"Mama yako atakuuliza zilikuwa laini au ngumu. Na mtoto atakuuliza zilikuwa ngapi."

Tulipokata kona ya mwisho tukawaona. Bibi alikuwa amekaa mlangoni, na binti amesimama uwanjani kati ya yale machipukizi mawili, ambayo kwa kukosa chakula yalikuwa yameanza kuwa ya njano. Hakukimbia kumlaki. Alingoja mpaka tufike.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mwanangu."

"Mkungu wangu uliula?"

Mume wangu akashusha begi lake polepole, kana kwamba ndani mna kitu kizito, na halikuwa na kitu. Bibi akainua kichwa. Kisha mume wangu akanigeukia, akanong'ona kwa Kihangaza, lugha ya kwetu, ambayo watoto wanaielewa sawa na sisi:

"Wewe ndiye mtu wa soko. Nishauri, nimjibu nini?"