Miti ya Ua Niliyoiita Msitu

Kazi yangu ni kuchora ramani za misitu kwa kutumia picha za setilaiti. Naifanya katika ofisi ndogo mjini Gisenyi, na kwa miaka mingi niliamini kwamba anayetazama kutoka juu hukosea mambo madogo tu. Ramani ya Kanzenze ndiyo iliyoniondolea imani hiyo.

Tulikuwa tumeagizwa kutambua mabaki ya msitu wa asili, vile vipande vichache vilivyosalia katikati ya mashamba, ili vifungwe na visilimwe tena. Katika mteremko mmoja niliona kipande cha kijani kizito ambacho hakikubadilika, kiangazi wala masika, katika picha zote tulizokuwa nazo. Mikaratusi hukatwa ikachipua. Mashamba hubadilika rangi kila msimu. Kisichobadilika, ndivyo nilivyofundishwa chuoni, ni cha kale. Katikati yake palikuwa na doa la rangi nyepesi. Nikalichukulia kuwa pengo la mti ulioanguka, nikalifunika kwa kijani, nikaandika "msitu wa asili" na kupeleka rasimu kwa mkuu wangu. Kilichobaki kilikuwa uhakiki, na nakiri kwamba uhakiki wangu mara nyingi uliishia barabarani, juu ya pikipiki, kwa kutazama kwa mbali.

Safari hii hilo halikuwezekana, kwa sababu barua ya kumjulisha mwenye shamba kwamba mahali hapo patafungwa ilikuwa imetangulia. Alinisubiri akiwa na jembe mkononi: mjane wa rika langu, mkulima wa viazi, na viazi vyenyewe vilikuwa vimestawi palepale kwenye doa nililolifunika. Hakuwa na shamba jingine.

Nilimsalimu kwa Kinyarwanda. Nimekulia Tanzania, na lafudhi yangu haijifichi.

"Papa, Kinyarwanda yako inachechemea," alisema akicheka. "Tuongee tu Kiswahili. Mi nauzishaka viazi Goma."

"Haya, mama. Nimekuja kuuona msitu."

"Msitu? Iko wapi?"

Nikamwonyesha kwenye simu. Aliitazama, kisha akaitazama miti iliyotuzunguka.

"Ah, bon! Hii ni nyumba ya babu ya bwana yangu. Hii miti ni ua yake. Njoo upime na miguu, macho yako imezoea kuruka kama ndege."

Tukazunguka. Ilikuwa mivumu, miti ya jamii ya mkuyu, yenye mashina manene yaliyovimba na kugusana. Zamani mtu aliyeanzisha mji wake, yaani makazi ya familia yake, alichomeka vijiti vya mvumu kuuzunguka, navyo vilishika mizizi vikawa ua. Familia ikihama, nyumba huoza na ua hubaki, ukawa miti mikubwa. Aliyelelewa kwenye milima hii akiona mivumu imesimama kwa duara, huuliza ni kwa nani hapo. Haulizi ni msitu gani. Mimi sikulelewa hapa. Wazazi wangu waliondoka kabla sijazaliwa, na hakuna aliyewahi kunionyesha duara la kwetu.

Upande wa bonde palikuwa na nafasi ya hatua tatu hivi, na mvumu mkubwa kila upande.

"Hapa ni mulango," alisema. "We umesoma, niambie: msitu gani inajengaka mulango?"

Kisha akafukua udongo kwa jembe. Nje ya duara ulikuwa wa kijivu, umejaa vipande vya mawe ya volkano. Ndani ulikuwa mweusi na laini.

"Hapa ng'ombe zililala miaka yote. Ndiyo maana viazi inakubali. Sasa barua yako inasema nitoke."

Mkuu wangu hakushawishika upesi. Mti mkongwe ni mti mkongwe, alisema, na rangi ni ileile. Nikaikuza picha mbele yake, nikaondoa kijani nilichojazia, na duara likaonekana, pamoja na nafasi ya mlango upande wa bonde. Ndipo akauliza swali nililokuwa nikiliogopa: vipande vingine vyenye doa katikati, hivyo navyo nilivijaza? Nilikuwa nimejaza vyote.

Rasimu ikaondolewa. Nilitembea kipande kimoja baada ya kingine kwa miguu, kila mara pamoja na mtu wa mlima huohuo, kwa kawaida mwanamke anayelima hapo. Vingi vilikuwa miji iliyohamwa. Msitu wa kweli niliukuta sehemu mbili tu, mojawapo ikiwa korongo nililokuwa nimeliandika kichaka. Mjane mwenyewe ndiye aliyenipeleka huko, akinihesabia miti ambayo hakuna mtu aliyewahi kuipanda. Kwenye ramani mpya tuliongeza rangi ya tatu, ya miti ya miji ya zamani, ambayo haimtoi mtu shambani.

Barua ya kufuta ile ya kwanza niliipeleka kwa mkono wangu. Aliisoma yote polepole, akaikunja na kuitia kifuani. Nadhani nilisimama pale kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Unangoja aksanti?" aliuliza. "Ulininyanganya na barua, umenirudishia na barua. Tuko sawa. Sasa sogea, papa, unakanyaga viazi."