Hisa Zilizokula Ng'ombe wa Dada Yangu

Admin, jina langu libaki huko huko kwako, na ninyi mnaosoma msianze kunitafuta kwenye komenti. Mimi ni mwanaume wa miaka 62, nina mke na wajukuu, naishi Nyakato, Musoma. Mtaani naitwa mzee wa busara, watu wananiletea ndoa zao niwapatanishe. Wangejua.

Kwetu ni upande wa Butiama. Tulizaliwa wawili tu, mimi na dada yangu anayenifuata. Nitamwita Bhoke, si jina lake. Aliolewa Bunda kwa ng'ombe kumi. Kwa desturi yetu kaka huoa kwa ng'ombe walioletwa kwa ajili ya dada yake, kwa hiyo wale kumi walikuwa ndio mke wangu.

Lakini ilikuwa miaka ya ruksa. Tulikuwa tumetoka kupanga foleni ya sukari na sabuni, ghafla maduka yakajaa na kila mtu akataka kuwa mfanyabiashara. Fundi mmoja akarudi kutoka Nairobi na maboksi ya vipuri, akapanga chumba mtaa wa Mukendo, mjini Musoma, akawa anaunganisha kompyuta na kuwauzia wenye viwanda vya samaki na misheni. Alikuwa anatafuta wanahisa. Mimi nilikuwa karani, nimemaliza kidato cha nne, nikajiona naona mbali. Nikamwambia baba, "Mke atasubiri. Ng'ombe anazaa mara moja kwa mwaka, hii itazaa kila miezi mitatu." Baba aliniamini kuliko alivyoiamini redio. Akawapeleka wote kumi mnadani. Tukawa wanahisa tisa, na mkutanoni nilikwenda mimi kwa niaba yake. Kila miezi mitatu tulisomewa hesabu, na hakuna aliyeruhusiwa kutoa fedha zake mpaka mkutano ukubali.

Mwaka wa pili Bhoke akarudi nyumbani kwa miguu kutoka stendi, mkono umefungwa kwa kitenge. Mume wake alikuwa amemvunja kwa mpini wa jembe. Wazee wa upande wa mume wakaja, wakasema maneno machache tu: ng'ombe wakirudi, mwanamke yuko huru, wasiporudi, arudi yeye. Baba akaniangalia. Zizini tulikuwa na mbuzi watatu.

"Kaka, huo mkutano wenu ni lini?" Bhoke aliniuliza.

"Jumamosi."

"Waambie wenzako, kaka. Yule mtu ananipigaga hata mbele ya mama yake. Nikirudi ataniua."

Jumamosi hesabu zikasomwa. Zilikuwa nzuri, na hapo ndipo shida ilipoanzia. Tulikuwa tumeuza kompyuta nyingi kuliko wakati wowote. Mwalimu mmoja mstaafu akasimama. "Tugawane sasa, kila mtu achukue chake. Hii bei haitakaaga hapa. Leo tuko peke yetu Musoma nzima, kesho zitaletwa kutoka nje zimeshaunganishwa, nani atanunua za kwetu?"

Fundi akacheka. "Mwalimu, wewe uliogopaga hata kalkuleta. Shule zinakuja, ofisi zinakuja. Tukitia faida yote kwenye vipuri, mkutano ujao tunasoma mara mbili ya hii."

Wakabishana mpaka chai ikapoa. Kura zikawa nne kwa nne. Wote wakanigeukia mimi.

Mungu ananiona, maneno ya Bhoke nilikuwa nayo mdomoni, nilikuwa nimeyarudia njia nzima. Lakini niliona aibu kuwapelekea watu wa biashara habari za dada aliyepigwa. Na zaidi ya aibu, tamaa. Nilijipigia hesabu kwamba miezi mitatu tu, tutarudisha ng'ombe kumi na mimi nibaki na wangu wa kuolea. Nikainua mkono upande wa fundi. Jina la dada yangu halikutajwa mle ndani.

Nyumbani nikamkuta amekaa nje, anachambua dagaa kwa mkono mmoja. Nikamwambia, "Wamekataa. Nimewabembeleza, nimekupigania, wamekataa." Akaanza kunipa pole mimi. "Si umejaribu, kaka. Miezi mitatu si mingi." Kesho yake akarudi Bunda.

Kabla hata ya mkutano uliofuata, kompyuta zilizotumika zikaanza kuingia, bei ya chini kuliko vipuri vyetu. Mwalimu aliona sawasawa. Fundi akafunga chumba, akatuachia maboksi. Baba amezikwa, cheti chake cha hisa bado kimo ndani ya Biblia. Bhoke aliishi na yule mwanaume miaka ishirini na mbili, mpaka akawa mjane. Mkono ulipona umepinda, hawezi kushika ndoo kichwani. Mimi nilikuja kuoa kwa mshahara wangu.

Kinachoniua ni kwamba hajawahi kunilaumu. Wanawe amewalea na hadithi moja, kwamba mjomba wao ndiye mtu pekee aliyempigania. Sasa binti yake anaolewa, mahari inaletwa Jumamosi hii. Bhoke amewaambia wakwe kuwa ng'ombe wa mjomba, yule anayepewa kaka wa mama kwenye mahari, atolewe kwanza kabla ya wengine, tena awe jike mwenye mimba. Juzi akanipigia simu: "Kaka, siku hiyo usimame umsimulie mwanangu ulivyonipigania kule Mukendo. Nataka na mkwe asikie, ajue mwanangu ana watu."

Nikimkataa yule ng'ombe, ataniuliza kwa nini. Nikisema ukweli, nitamnyang'anya ndugu pekee aliyeamini anaye, tena siku ya furaha yake. Nikinyamaza, itabidi niurudie uongo wangu kwenye kipaza sauti, na yeye amekaa mbele yangu na mkono ule. Fundi amekufa, mwalimu amekufa, na wale sita wengine pia. Anayejua ile kura ilikwendaje nimebaki mimi tu, na leo ni Alhamisi.

Ninyi mlio na moyo kuliko mimi, nishaurini. Nikisimama Jumamosi, niseme nini?