Albamu Iliyoleta Kuni

Albamu yetu ya kwanza, mimi na dada yangu, haikuwa na wimbo hata mmoja wa kuchezeka. Dada aliimba sauti ya kwanza, mimi ya pili, na kila wimbo ulikuwa na mtu anayezikwa, au anayengojwa na harudi. Tulirekodi mtaa wa Makanyagio, kwenye chumba kilichozibwa kwa magodoro, mimi nikiutazama ukuta. Nikitazamwa, sauti inakimbia. Ni mtu wa ndani mimi. Hata sokoni naenda kwa kubembelezwa.

Dada alishanionya: nikijificha siku ya kuimba mbele za watu, atatafuta mwingine wa sauti ya pili.

Siku tulipopata flashi yenye nyimbo, yeye akatoka kwenda dukani. Mimi nikafungulia spika ya kuazima, dirisha wazi. Nilitaka majirani wasikie bila kuniona.

Walisikia. Wakaanza kuingia uani, kina mama wamejifunga khanga, wamebeba kuni na ndoo za maji, wengine wanalia tayari. Mzee mmoja akaja na benchi lake. Mama yetu alikuwa jikoni anapepeta mchele, akatoka na ungo mkononi.

"Nani kafa?"

"Si ndiyo tumekuja kuuliza," akajibu mama wa nyumba ya pili, anajifuta macho. "Tulijua ni wewe."

Nikazima spika, nikajibanza nyuma ya pazia la mlango. Ningetoka nikasema neno moja tu, yangeisha. Sikutoka. Nikamwacha mama yangu anakanusha kifo chake peke yake.

Dada aliporudi akaomba radhi, akaeleza kuwa ile ni albamu yetu. Wengine wakacheka, wengine wakanuna.

"Basi imbeni nyie," akasema yule mama. "Kuni nimezibeba kichwani, sirudi nazo hivi hivi."

Dada akaliangalia pazia. Akaanza peke yake, na wimbo ukawa unachechemea. Nikaingiza sauti ya pili palepale nilipojificha, nimefumba macho. Tukaufikisha mwisho.

Yule mama akamgeukia mama yetu. "Kumbe marehemu yuko ndani. Anaimba vizuri. Mwambie atoke tumwone."

Watu wakaangua kicheko. Dada hakucheka, alikuwa amelishika pazia, ananingoja. Nikatoka uso unawaka, na wimbo uliofuata niliuimba nikizitazama zile kuni.