Mahali pa Chai

Mshonaji wa mtaa wa Shituru hatungi uzi kabla ya kuwasha nyimbo zake. Kinanda kipya cha mfukoni cha kuchezea nyimbo alicholetewa na binti yake Laure ni cha chapa ileile ya kile cha zamani, ila chembamba, hakina kitufe hata kimoja, na kidole gumba chake kinabonyeza bure pale kitufe kilipokuwa kwenye kile cha zamani.

“Mama, hii inaimba safi, hein!”

Safi mno. Wimbo huu wa kwaya marehemu mumewe aliurekodi kutoka redioni, na katikati ikanaswa sauti yake mwenyewe: “Mama Laure, chai iko wapi?” Leo, katika nakala mpya aliyoiweka Laure, kwaya inapita pale bila kusita, sauti ile haimo. Mshonaji anaondoa mguu kwenye cherehani, anangoja, halafu anajibu kama kila siku:

“Inakuya, papa Laure.”