Matone Yaliyokimbia

Nyumbani walimwita daktari wetu, ingawa alikuwa muuguzi mpya tu. Kazini walimwita Kifaranga. Yeye mwenyewe, kila alipovaa sare, alijiona mwizi aliyevaa nguo za mtu mwingine.

Chuo kilimpa cheti, moyo hakikumpa. Katika wodi ya watoto aliogopa sindano, aliogopa mtungi wa oksijeni, na zaidi ya yote aliogopa kuuliza. Akiuliza, muuguzi mmoja waliyemwita Twiga kwa urefu wake humjibu, "Kwani chuoni mlikuwa mnafundishwa nini, kuimba?"

Angeacha kazi mapema kama si Bi Taratibu, muuguzi mkongwe aliyekabidhiwa kumlea kikazi. Mama huyo alikuwa na desturi yake. Asubuhi, kabla hawajagusa mgonjwa, walisimama kwenye sinki wakinawa mikono, naye huuliza, "Haya mwanangu, leo unaogopa nini?" Kifaranga akitaja, hicho ndicho walichoanza nacho, pamoja.

"Bi Taratibu kafungua chekechea," Twiga alisema siku moja.

"Na nafasi ya mwanafunzi mrefu bado ipo," bibi akamjibu bila kugeuka.

Asubuhi moja Bi Taratibu aliitwa chumba cha pili kusaidia mtoto aliyeshikwa na degedege. Kifaranga akabaki na kitoto kichanga kilichoishiwa maji kwa kuharisha. Dripu yake ilikuwa inasuasua, tone linaning'inia kama linabembelezwa. Akafungua zaidi kigurudumu kinachodhibiti maji kwenye mpira wa dripu, matone yakaenda vizuri, akaridhika, akahamia kitanda kingine. Mkono wa mtoto wenye sindano hakuutazama. Ulikuwa umekunjwa, na huko kukunjwa ndiko kulikoyabana maji. Mama wa mtoto alipomgeuza amnyonyeshe, mkono ukanyooka.

Kifaranga aliporudi, matone hayakuwa matone tena, yalikuwa uzi. Chupa ilikuwa imeshuka mno. Akafunga kigurudumu. Alijua vizuri: maji yakizidi, moyo na mapafu ya mtoto mdogo huelemewa, naye huzama akiwa juu ya kitanda kikavu.

Twiga alikuwa ameona. Akasogea, na kwa mara ya kwanza aliongea naye kwa upole. "Umeshafunga? Basi, yaishe. Chupa haina mdomo wa kusema. Kazi uliyoitafuta kwa machozi usiipoteze kwa maneno."

Ushauri mbaya mara nyingi huja umevaa huruma, na ndiyo maana huwapata hata watu wema. Kifaranga aliutamani ukimya ule kama mwenye kiu anavyotamani maji. Alimwona baba yake akiwaeleza majirani kwamba daktari wetu kafukuzwa. Kisha akamtazama mtoto. Pua zake zilikuwa zinatanuka kama za anayetafuta hewa, au labda yalikuwa macho ya Kifaranga yaliyojaa woga tu. Hakujua. Kule kutojua ndiko kulikomtoa mbio hadi chumba cha pili.

"Bi, naogopa nimeua mtoto," alisema mlangoni.

Mtoto wa degedege alikuwa ametulia mbele ya daktari. Bi Taratibu hakuuliza kwa nini wala ilikuwaje. "Yupi? Maji yameingia kiasi gani?" Alipojibiwa akamgeukia daktari. "Tunakuhitaji huku, sasa hivi."

Kitandani kwa kichanga Bi Taratibu alimwinua mtoto kichwa, akamwambia Kifaranga, "Hesabu pumzi. Wewe, si mimi." Kifaranga akaweka kiganja juu ya kifua kile kidogo. Hesabu ikampotea. "Anza tena," alisema bibi. "Nipo."

Daktari alisikiliza mapafu, mbele na nyuma, kisha akarudia. Alisema bado ni safi; dripu isimame, mtoto aangaliwe kwa karibu mpaka jioni.

"Mbona mmejaa hapa?" mama wa mtoto aliuliza. "Ana nini mwanangu?"

Bi Taratibu alimtazama Kifaranga, akampisha mbele.

"Mama, maji yameingia mengi kwa haraka," Kifaranga alisema. "Nilifungua mimi. Mkono wake sikuutazama."

"Wewe usimguse tena. Nileteeni mwingine."

"Kukasirika ni haki yako, mama," alisema Bi Taratibu. "Lakini mwingine angeweza kukuficha. Huyu kakwambia. Acha akae, nami nitakaa nyuma yake. Akikosea, niulize mimi." Kisha akamgeukia Kifaranga. "Na kwa mkuu wa wodi tutakwenda kueleza baadaye, sisi wawili."

Wapo wanaodai kwamba woga wa mgeni huponywa kwa kukaripiwa. Si kweli. Kukaripiwa humfundisha kuficha, na wodini anayeficha huzika.

Mama alimkumbatia mwanawe kwa muda, kisha akalegeza mkono, kifua cha mtoto kikaonekana. Kifaranga akainama, akaanza kuhesabu. Katikati akasimama.

"Nimepoteza hesabu," alisema kwa sauti. "Naanza upya."

Mama akaizuia pumzi yake mwenyewe, akamngoja.