Sihami kwa Maneno

Mishi alifiwa na mumewe, mchukuzi wa bandarini, mwaka wa 1946, vita vimekwisha na leso mpya ndiyo kwanza zinarudi madukani. Akaingia eda katika chumba chao cha Mji wa Kale, Mombasa, miezi minne na siku kumi asivuke kizingiti. Kaka yake Chirau akaja kutoka Kwale, akampa pole, kisha akasema bila haya:

"Eda ikisha nitakuja kukutwaa. Kuna mzee akutaka, nami nishamwitikia."

"Na nikipata riziki yangu hapa?"

"Ukiipata, kaa," akajibu Chirau, akacheka.

Mishi hakucheka. Alijua kwamba Allarakha, mwenye duka la nguo Biashara Street, hununua majina ya leso, yale maneno yaandikwayo juu ya pindo. Jina likimkaa huliagiza lichapwe ng'ambo, na aliyelitunga humfanya mtunzi wake wa kulipwa. Basi Mishi akakaa na majonzi yake mpaka akalipata lake: *Sihami kwa maneno, hapa ndipo pangu.* Lilikuwa zuri, wallahi, na lilikuwa yeye mwenyewe.

Lakini jina zuri lataka mdomo wa kulinadi, na Mishi alikuwa mwingi wa haya. Kwa hivyo wanawake walipokuja alasiri kumliwaza, aliwaomba waigize Allarakha, kwa zamu. Jirani yake Mwanatumu akikalia kinu, akapachika miwani ya marehemu, akakunja uso.

"Haya mama, sema upesi, wateja waningoja!"

Mishi akitoa salamu, akieleza jinsi wanawake watakavyoigombania leso ile, kisha akilitamka jina. Akikwama walimrudisha mwanzo. Siku nenda siku rudi, hata haya zikamtoka, na wale wanawake wakalijua jina lile kama wajuavyo majina ya watoto wao. Vicheko vile ndivyo vilivyomvusha. Wala hakuna aliyemwonya, maana hakuna aliyewaza.

Eda ilipokwisha akaoga, akavaa buibui, akamwacha Chirau nyumbani akimngoja. Dukani hakukosea hata neno moja. Allarakha alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akatoa karatasi chini ya meza, imechorwa leso ya korosho, akamsomea maandishi yake: jina lile lile.

"Mama, leso hii nimeshaiagiza. Wanawake sita wamekuja kuiulizia. Nikadhani inauzwa duka jingine, sikutaka kuachwa nyuma." Akamtazama kwa huruma. "Lete jina jingine."

Miezi minne alikuwa amejifundisha jina moja tu. Allarakha akangoja kiungwana, hata mteja akaingia.

Hakumlaumu Mwanatumu, amlaumu kwa lipi? Mtu huulizia leso anayoitamani. Alipofika nyumbani Chirau alikuwa ameshaufunga mkeka na masufuria.

Harusi ikawa Kwale, miezi mitatu baadaye. Yule mzee hakuwa mchoyo: alileta sanduku la nguo, na juu kabisa akaweka leso mpya ya korosho inayotamba Mombasa. Wanawake wakamfunga nayo Mishi, wakapiga vigelegele, na mmoja wao akamsomea jina kwa sauti. Mishi akasema ni jina zuri. Kisha akainamisha kichwa akalia, nao wakasema ni kawaida, mabiharusi wote hulia.