Chumba cha Rwamba

"Mtoto wangu atakuwa na chumba chake! Nitakipaka rangi kwa mkono wangu huu, na kabla hajaota jino la kwanza, mama mkwe wangu mwenyewe ataomba kulala ndani!"

Kananu aliyasema hayo kwenye maikrofoni, harusini kwa shemeji yake, katika ukumbi wa kanisa pale Runyenjes, mbele ya watu mia tatu na sufuria nne za pilau. Mshereheshaji alikuwa amemwomba awasalimie wageni tu. Lakini kumpa Kananu maikrofoni ni kama kumfungulia mbuzi shamba la mahindi ukimwomba anuse tu.

Watu walicheka. Mzee mmoja aliuliza kwa sauti kama huyo mtoto atakuwa analipa kodi. Mama Rwamba, mama mkwe mwenyewe, hakucheka. Aliweka mfupa wa kuku kwenye sahani, akapangusa vidole kimoja baada ya kingine, akalitazama tumbo la Kananu, la miezi sita, kisha akautazama mlango.

Kananu ni msichana wa Mitunguu, kule kwenye migomba, aliyeolewa Embu na Gachoki, karani wa kiwanda cha kahawa. Kazi yake ni rangi. Yale maduka ya barabarani yaliyopakwa kijani au nyekundu kutoka msingi hadi paa, na picha ya simu kubwa kuliko mlango, mengi ni mkono wake. Mafundi wanaume walimcheka miaka miwili, wakimuuliza kama anajua tofauti ya rola na mwiko wa ugali. Mwaka wa tatu walianza kuja kuazima ngazi yake. Rangi zinazobaki huwa anazimalizia nyumbani, ndiyo maana choo chake ni cha kijani kikali hivi kwamba mpita njia mmoja alibisha hodi akidhani ni duka la kutolea pesa kwa simu.

Basi mwezi wa kwanza, Kananu akaingia chumba kidogo cha nyuma. Akatoa magunia ya mahindi, akaziba nyufa, akapiga msasa, akapaka mkono wa kwanza wa rangi nyeupe. Ukutani akachora twiga kwa penseli, shingo ndefu hadi darini. Alikuwa anamtia madoa wakati Mama Rwamba alipofika kutoka Kianjokoma na mfuko wa maparachichi.

"Hiki ni nini?"

"Chumba cha mtoto, Mama."

"Mtoto yupi?"

Kananu akajishika tumbo.

"Huyo bado yuko njiani," Mama Rwamba akasema. "Aliye njiani hatangazwi, hanunuliwi, hatandikiwi. Wewe umemtangaza kwa spika, sasa unamjengea hoteli. Kwenu Mitunguu ndivyo mnavyofanya?"

"Mama, ni rangi tu."

"Sawa. Basi ukijifungua, hiyo rangi itakukorogea uji. Mimi hapa sikanyagi tena." Akaweka maparachichi sakafuni, moja moja, ili yasipondeke. Hasira haikuwa imefika kwenye maparachichi.

"Gachoki, sema kitu!" Kananu akaita.

Gachoki alisema kitu. Alisema anaenda kuangalia kama mvua inakuja. Kulikuwa na jua la Januari la kukausha kahawa.

Usidhani ni jambo dogo. Huku, mwanamke akijifungua, mama mkwe ndiye huja na unga wa wimbi, akamwogesha mtoto na kumnywesha mama yake uji mpaka aombe msamaha. Na kuna jambo kubwa kuliko uji. Skani ilikuwa imesema ni msichana, na msichana wa kwanza huchukua jina la mama wa baba yake. Mtoto angeitwa Rwamba, maana hilo ni jina la Mama Rwamba mwenyewe, na Rwamba mwenye jina hataki kukanyaga nyumbani kwake. Hiyo ingekuwa aibu ya kupigiwa hesabu hadi mazishi.

Kesho yake, Gachoki alimkuta mkewe anaosha brashi nyuma ya nyumba, akitukana kwa Kimeru.

"Kabla yangu kulikuwa na mwingine," akasema, bila kuulizwa. "Mama alimfumia sweta ya njano kabla hajazaliwa. Akaionyesha kila mtu, hata sokoni. Mtoto hakufika nyumbani. Sweta bado iko kwenye sanduku lake. Mimi niliiona mara moja tu, nikachapwa."

Kananu, ambaye huwa na jibu hata kwa redio, aliendelea kuosha brashi iliyokuwa safi kitambo. Halafu akaenda akashika gunia moja la mahindi, alirudishe chumbani. Akalisimamisha mlangoni. Akamtazama twiga. Twiga naye akamtazama.

Jumamosi alipanda hadi Kianjokoma, kadi ya sampuli za rangi kutoka duka la hadiwea ndani ya mkoba. Mama Rwamba alikuwa kwenye zizi, anamkatia ng'ombe wake majani. Hakusalimia. Ng'ombe alisalimia zaidi yake.

"Nimekuja kazini, Mama," Kananu akasema. "Nina mteja huku."

"Mteja gani?"

"Anaitwa Rwamba. Ana chumba kwangu, na sikumuuliza anataka rangi gani. Hilo ni kosa la fundi."

"Msichana, usinichezee. Nina panga mkononi."

"Nimeliona, na bado nimekuja. Tangu nimeolewa mnaniambia msichana wa kwanza ni wewe. Hamsemi anafanana na wewe, mnasema ni wewe. Ukimchapa umechapa mama mkwe. Si ndivyo?"

"Ndivyo."

"Basi kile chumba si cha aliye njiani. Huyo simjui, sijamtandikia kitu. Nimemtandikia Rwamba. Huyo namjua. Alizaliwa miaka sabini na moja iliyopita, amelea sita, ameshinda njaa na malaria, na hajaacha kunigombeza. Kuna jicho baya litakalomwona huyo likamdhuru?"

Panga likatulia. Ng'ombe akatafuna. Mama Rwamba alijipangusa mikono kwenye leso, akaipokea ile kadi, akaishika mbali na macho jinsi wazee wanavyosoma Biblia. Kidole kikashuka polepole. Kikapita bluu, kikapita waridi bila kuangalia, kikarudi juu, kikasimama.

"Hii."

Ilikuwa njano.

Kananu aliikunja kona ya kadi hapo kwenye njano, wala hakutaja bei. Wanaomjua wanasema huo ndio muujiza wa siku ile.

Jumatatu Mama Rwamba aliteremka na kiti chake, akakiweka katikati ya chumba kama hakimu.

"Kama ni changu, twiga wa nini? Mimi sijawahi kuona twiga Kianjokoma. Weka ng'ombe wangu."

Twiga akafutwa. Gachoki akapandishwa ngazi, kwa sababu tumbo la mkewe lilikuwa limekataa ngazi, na huko juu akapata wasimamizi wawili. "Umeacha doa!" "Rola haipigwi kama fimbo!" "Gachoki, hata shuleni ulikuwa hivi." Kananu alikaa chini akichora ng'ombe.

"Pembe ya kushoto ya ng'ombe wangu imepinda. Ipinde."

"Nimeipinda, Mama."

"Pinda tena. Na chuchu ni nne, wewe umeweka tatu. Unataka wajina wangu afe njaa?"

Ukuta wa mwisho Mama Rwamba aliinuka, akafunga kitambaa kichwani, akachukua rola mwenyewe. Alipaka mpaka mahali mkono wake ulipofika, akarudi nyuma, akatazama.

"Hii kazi si ngumu," akasema. "Mbona huwa unarudi nyumbani umechoka?"

Mtoto alizaliwa mwezi wa tatu, kilo tatu na nusu, akilia kwa sauti ambayo nesi alisema ni ya mtu anayedai maikrofoni. Siku waliyofika nyumbani, Mama Rwamba alikuwa tayari mlangoni, thamosi ya uji kwapani, mfuko wa unga begani.

"Nitalala wapi?" akauliza.

"Tumekutandikia sebuleni, Mama," Kananu akasema, uso mtakatifu kama wa shemasi.

"Sebuleni? Na chumba changu?"

"Sijasikia vizuri, Mama. Masikio bado yana hospitali."

Mama Rwamba akamtazama. Alijua. Alikuwa kwenye ile harusi. Akavuta pumzi. "Nimesema, naomba kulala chumbani kwangu."

Kananu akafungua dirisha hadi mwisho, bila kujali mshono wa kujifungua. "Cicily!" akamwita jirani. "Cicily, wacha nguo, kimbia uje usikie hii!"

Na Mama Rwamba akasema tena, mbele ya Cicily, kisha akacheka mpaka akaketi. Alipomaliza kucheka alitia mkono chini ya unga, akatoa sweta ndogo ya njano, iliyokunjwa miaka hamsini hadi mikunjo ikawa mistari. Akamvalisha mtoto. Ilimtosha.

Wiki hiyo akina mama wa kanisa walikuja kumwona mtoto, wakaona ukuta. Hakuna aliyebaki sebuleni. Nyanya mmoja alipapasa pembe iliyopinda, akalalamika kwamba wajina wake kule Kibugu analala kwenye simiti tupu kama mahabusu. Mwingine akasema ng'ombe wake ana mabaka, je, mabaka yanawezekana? Wa tatu hakuwa na ng'ombe, akauliza kuhusu kuku.

Kananu, mtoto kifuani, kalamu sikioni, alijibu wote. Chumba kimoja, mikono miwili ya rangi na ng'ombe mmoja ukutani, ni shilingi elfu nane na mia tano.